Mkokoteni Wangu wa Mbao za Bure

Jamani, hii aibu naisimulia mwenyewe kwa sababu huko Machochwe mmeshaisikia ikiwa imetiwa chumvi, eti nililia mbele ya mnada mzima. Sikulia. (Sawa, nililia kidogo.)

Mimi nauza chai na chapati, na msimamizi wa mnada wa ng'ombe alikuwa ameniambia kwamba nikija na kitu cha kueleweka, nafasi ya pale getini ni yangu moja kwa moja. Nafasi hiyo nilikuwa naiota! Basi nikajifanya msanifu: magurudumu ya pikipiki iliyokufa, paa la madebe ya mafuta niliyoyapasua nikayanyoosha, jiko la ringi ya gari, na mbao, jamani zile mbao, nilizibomoa kwenye hori la zamani la baba, lile alilokuwa akiwawekea ng'ombe chumvi miaka yote. Nyororo, zinang'aa zenyewe.

Baba akasema, "Bhoke, zioshe hizo, halafu upake rangi."

"Tata, rangi itaficha urembo," nikamjibu. Akaenda zake zizini, nikadhani nimemshinda.

Siku ya mnada nikawahi, kanga mpya, chapati zinanukia, msimamizi akaja, nikamwamkia shikamoo, akauzunguka mkokoteni taratibu, "Marahaba, huu sasa ndio ubunifu," na nikiwa katikati ya kumweleza habari za mbao zangu (nilikuwa naringa, sikatai) nikasikia kwaru, kwaru upande wa pili. Ng'ombe mwekundu alikuwa analamba kaunta, amefumba macho kabisa. Nikamchapa mwiko, akaja wa pili, wa tatu, mara wengine wanakata kamba wanawaburuza wenye mali, birika chini, chapati chini, msimamizi kakimbia, mkokoteni umelala ubavu na bado wanaulamba, nami napiga kelele, "Mura, shika ng'ombe wako!" na huyo mura, kijana mwenye yule ng'ombe mwekundu, amekaa chini kwa kicheko.

Alipopata pumzi akauliza, "Dada, hili hori unauza?"

Hapo ndipo nilipolia. Getini akawekwa mama mmoja mwenye meza ya plastiki, na iliniuma sana, sitawaficha. Hori nikamuuzia yule mura.

Siku hizi mtu akinipa mbao ya bure nashukuru, nageuka pembeni, nailamba kwanza mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke.