Mwezi wa Meli na Mwezi wa Kibagabaga

Saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, mwanangu, ndipo nilipoipeleka meli nzima Kigali. Siku hiyo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, ila mama watoto asisikie.

Nilikuwa baharia mchanga kwenye meli ya mizigo, mbali mashariki ya Mombasa, nikijifundisha sekstanti, chombo cha kupimia pembe kati ya mwezi na nyota. Mwezi hutembea mbele ya nyota kama mshale wa saa. Anayeipima pembe hiyo sawasawa hujua saa, na kwa saa hujua yuko wapi baharini. Mitambo ya setilaiti ilikuwepo, lakini nilitaka kujua kwa macho yangu.

Nikapima, nikapiga hesabu, nikampelekea ofisa wetu, Mzee Haji wa Pemba. Akaweka kidole kwenye ramani, akacheka hadi akavua miwani.

"Mnyarwanda, umetutia nanga Kigali! Tushukie mtaa gani?"

"Kibagabaga, mzee."

"Kuna nini huko?"

Nikamwambia. Mama alikuwa amelazwa hospitali. Dada yangu Vestine alikuwa ameniandikia: "Ulikimbia, basi kaa hukohuko." Jibu langu lilikuwa tayari, kali, la kukata undugu. Nilingoja zamu iishe nilitume.

Mzee hakunikemea. "Inua kidole gumba. Kitazame kwa jicho moja. Sasa kwa lile jingine. Kimehama?"

"Kimehama."

"Hakikuhama, umehama wewe. Nyota ziko mbali, hazijali umesimama wapi. Mwezi uko karibu, kila mtu anauona kutoka mahali pake. Hukuondoa mahali pako kwenye hesabu, ndiyo maana umepotea." Akavaa miwani. "Na dada yako, amesimama wapi?"

Amesimama kando ya kitanda, mwanangu. Ndiye aliyekuwa akifua mashuka na kupika uji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nikiwahesabu kutoka baharini.

Jibu sikulituma. Nikaomba simu ya meli.

"Leo ndiyo umekumbuka?" akasema Vestine.

"Pole kwa kuuguza, dada. Nisamehe."

Kisha nikasikia simu ikisogezwa, na sauti ya mama, nyembamba: "Mwana wanjye, mwanangu, mwezi uko huko?"

"Uko, mama."

"Dirisha langu linatazama ukuta. Uangalie na kwa ajili yangu."

Mkataba ulipoisha nilirudi. Tulimuuguza pamoja, mimi na Vestine, kwa zamu, mpaka alipopumzika.

Kwa hiyo nakusihi: wanaokuumiza kwa maneno mara nyingi ni wa karibu, na wa karibu ndio tunaowapima vibaya. Kabla hujajibu, ondoa kwanza mahali uliposimama wewe, kisha jiulize mwenzako amesimama wapi. Hesabu irudie hata kama unaona umepatia.

Mungu akupe jicho la subira, mwanangu, na kila upigapo simu nyumbani, awepo wa kupokea.