Mvua ya Jana

Nakiri kwamba mwanzoni nilimdhania kichaa. Mwaka 1998, Bukavu ikiwa imejifungia kwa hofu ya risasi, jirani yangu, mpima mvua wa kituo cha utafiti, alitoka uani kila siku saa moja asubuhi, akamimina maji ya kipimo katika bomba la kioo, akaliinua hadi usawa wa jicho, mkono umetulia kabisa, kisha akaandika. Asubuhi moja askari alimwelekezea bunduki juu ya ua.

“Muzee, ile maji iko dawa ya vita?”

“Hapana, chef. Iko mvua ya jana. Kila mwaka inakawia kidogo. Nisipoandika, nani atajua?”

“Kwetu Luvungi ilikataa kunyesha kabisa,” alisema askari, akashusha bunduki na kungoja amalize kuandika.

Dirishani, nilisahau kuogopa. Miaka mingi baadaye nilijua kwamba kituo kilifungwa siku vita vilipoanza. Hakuna aliyekuwa akizisubiri tarakimu zile.