Inzi Mwenye Mistari

Mkaguzi wa viwavi wa hariri hashiki kitu bila kukinusa kwanza. Leo alimnusa inzi mgeni niliyemkuta kwenye wavu wa dirisha, akamgeuza kwa kijiti, akahesabu mistari ya mgongoni. Mimi niliitazama mikono yake: jana ilikuwa kwa jirani, ambako viwavi wote wamekufa. Wetu wamebakiza siku nne waanze kusokota hariri. "Ndiye huyu. Hutaga mayai juu ya viwavi, funza wake wakawala. Nifungulieni," alisema mkaguzi. Mke wangu Puttamma aliziba mlango wa chumba cha viwavi. "Jicho la mgeni huua viwavi; haliingii humu, kaka. Tujuaje kama si wewe uliyemleta mfukoni?" Mkaguzi alifumba macho, akabandika sikio ukutani, akasikiliza majani yakitafunwa. "Wanakula," alisema, macho bado kayafumba. "Ila huku kushoto wamenyamaza." Puttamma akampisha.