Mwanaidi, Hatua ya Mwisho Haijashika

Siamini bado. Juzi Alhamisi mchana Mwanaidi aliniambia kwenye simu kwamba kichwa kinamuuma, anajilaza kidogo, tutaongea baada ya Alasiri. Nilipopiga tena, aliyepokea ni mama yake, analia.

Jana tumemzika hapa Rasbura, Lindi, alikozaliwa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tangu hapo kichwa kikinigonga kidogo tu nakaa chini. Naogopa, na sioni aibu kusema.

Kwa msiomjua: alikuwa mwanahisabati, mimi na yeye tukifanya kazi ya nadharia tupu. Kuna mitambo inayojirekebisha yenyewe ikiwa kazini, inajifunza inavyokwenda. Sisi tulikuwa tunathibitisha kwamba hata ikijifunza vibaya, kosa lake haliwezi kuvuka mpaka fulani.

Mama yake aliwahi kutuuliza, "Sasa wanangu, nyie mnatengeneza nini hasa?"

Mwanaidi, mdomo umejaa ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akajibu, "Hatutengenezi kitu, mama. Tunahakikisha tu hakitaua mtu."

Mama akasema bora angesomea ushonaji.

Alikuwa mbishi, jamani! Ukimwambia chochote, hata kwamba mvua inakuja, anasukuma miwani juu ya pua na kuuliza, "Nani kasema?" Deadline inapita, yeye yuko palepale na nani kasema yake. Kuna siku nilitamani kumrushia dasta.

Mimi kwetu Tingi, Kilwa. Ukoo wangu na wake ni watani tangu mababu, na mnajua kazi ya mtani msibani: anamwigiza marehemu, anamsema mbele za watu, na hakuna wa kukasirika. Basi jana uani, katikati ya wanawake, nikajifunga kanga yake, nikavaa miwani yake, nikatembea kama yeye, kichwa mbele miguu nyuma. Watu wakacheka huku wanafuta machozi.

Shangazi yake akasema, "Tumshukuru Mungu, mtoto kaondoka kazi yake kaimaliza."

Nikasukuma miwani. "Nani kasema?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Hata mama yake alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hapo sikuwa naigiza.

Ile simu ya Alhamisi haikuwa ya kichwa tu. "Mtani," aliniambia, "ile hatua ya mwisho ya uthibitisho wetu haishiki. Kuna hali moja kosa linakua bila kikomo. Nimeitazama asubuhi nzima, natamani niwe nimekosea." Nikamwambia apumzike, tutaitazama pamoja.

Makala yetu yenye uthibitisho huo iko hadharani. Tangu jana mnaisambaza na picha yake, mnaandika ameacha alama. Jioni nikapata email ya pole kutoka kwa wahandisi wa mbali. Kwa heshima yake, wanasema, wanaanza kuitumia kwenye mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua.

Nilikaa sakafuni na simu mkononi. Nikisema, nitaambiwa namchafua marehemu na kaburi halijakauka. Nikinyamaza, kuna mtu atakata pumzi kitandani na sitamjua hata jina. Na kuliziba lile pengo bila Mwanaidi, wallahi sijui kama naweza.

Leo asubuhi nikamfuata mama yake, nikamweleza. Akakunja ncha ya mkeka, akaikunjua.

"Mwenyewe alijua?"

"Ndiye aliyeniambia, mama."

"Basi sema, mwanangu. Kwani wewe si mtani?"

Kwa hiyo nasema. Nimeomba makala iondolewe. Wahandisi nimewaandikia wasiguse kitu. Nanyi, tafadhali, msiisambaze tena. Haijathibitishwa, na aliyegundua hilo ni Mwanaidi mwenyewe, siku yake ya mwisho, wakati sisi wengine tulishapongezana. Hiyo ndiyo alama aliyoacha.

Mtani wangu, nimesema. Kesho nakaa na ile hatua ya mwisho peke yangu, na sina wa kunibishia. Lala salama, umeshafanya sehemu yako. Ila siku nikija kaburini kukuambia nimemaliza, naomba usinionee huruma. Niulize.

Nani kasema?