Talaka ya Kima

Siku hizi wageni wanakwenda Jozani kuwapiga picha kima punju, wale wenye mgongo mwekundu na nywele zilizotimka utosini. Wakirudi wanasema ni wanyama wazuri. Mimi nikiwaona naokota jiwe. Sirushi, umri umenipita, lakini naliokota.

Nilipoolewa, miaka ya hamsini, mume wangu alikuwa mchoma makaa pembezoni mwa msitu huo. Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe. Mama yangu alikuwa akiuza chai na mandazi mlangoni kwetu, na aliponiaga alinikanya nisiende kujidai kwa watu wa shamba. Sikujidai. Nilimpenda mume wangu, nasema wazi, nilimpenda hata alivyonuka moshi. Balaa lilikuwa mama yake, tuliyekaa naye nyumba moja. Kwake yeye, mtu wa mjini na mwizi ni ndugu wa ziwa moja.

Mume wangu alikuwa akipanga magogo, akiyafunika majani na udongo, akiyachoma taratibu, kisha akifukua makaa na kuyatandaza yapoe kabla ya kuyatia magunia ya kwenda soko la Darajani, mjini. Juu ya makaa hayo alinyunyiza jivu, akachora mistari kwa kijiti, kama mwanamke anavyotia alama ya kiganja kwenye mchele wake ili ajue kama umeguswa. Basi kila akienda kukata kuni, akirudi anakuta mistari imevurugika na makaa yamepungua.

"Mama yake anapika chai mjini," nilimsikia mama mkwe akimwambia. "Unadhani anapikia nini?"

Niliapa sikugusa. Kiapo changu kilisikilizwa kama cha paka aliyekutwa jikoni.

Asubuhi moja hasira zikampanda mume wangu. Mbele ya mama yake na jirani yetu mmoja, akachora mistari mipya, akasimama, akaninyooshea kidole. "Wallahi, nikiikuta mistari hii imevurugika tena kabla sijayatia makaa magunia, wewe nshakuacha. Talaka tatu." Akatia shoka begani, akaenda zake. Mama mkwe akarudi kupepeta mchele wake na uso wa mtu aliyealikwa harusini.

Talaka ya sharti ni mtego. Sharti likitimia ndoa imekwisha, hata aliyeutega akigaragara chini. Nikachukua mkeka, nikakaa mbele ya yale makaa kuilinda ndoa yangu. Sikwenda kisimani, sikupika. Ilipoingia adhuhuri nikaingia ndani kusali.

Nilipotoka nikawakuta. Kundi zima lilikuwa limeshuka mitini. Kima mmoja, jike, mtoto kamning'inia tumboni, alichagua kipande cha kaa, akakitupa, akachagua kingine, akakaa juu ya kisiki akitafuna kama mtu anayekula kashata. Midomo ilikuwa myeusi tititi. Mtoto naye akanyoosha kidole, akachukua punje mdomoni mwa mama yake, akaionja. Kwetu tulijua kima anakula majani. Tulikuwa tukisema ana sumu, na mbwa akimla anapukutika manyoya. Kwamba anakula makaa, hilo sikuwahi kulisikia kwa yeyote.

Miaka mingi baadaye mtu mmoja aliyesomea wanyama alinieleza kwamba majani ya miti kama mkungu na mwembe yana vitu vinavyomsumbua kima tumboni, na makaa huvinasa visimdhuru. Tena watoto hujifunza kwa mama zao. Nikamwambia ni akili kubwa hiyo, mume wangu angepewa robo yake ingemtosha.

Siku ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimeokoka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikapiga ukelele: "Bwana weee! Njoo umuone mwizi wako!"

Akaja mbio, na jirani, na mama yake na ungo mkononi. Wote wakaona. Kima hawakujali, waliendelea kutafuna. Mume wangu akanishika mikono yote miwili, akaniomba radhi mbele za watu. Hata mama mkwe alicheka. Kisha jirani akatazama chini.

"Lakini mistari imevurugika," akasema.

Hapo hakucheka mtu. Laiti ningewafukuza kimya kimya, nikachora upya kwa kijiti, ningezeekea pale. Nilifurahi nikamwita aje aone, akaja akaona.

Tukaenda kwa shehe. Akauliza maneno aliyosema, jirani akayarudia yote.

"Lakini shehe, ni kima!" mume wangu akalia.

"Kima hana kosa. Mkeo hana kosa. Lakini wewe hukumtaja mwizi, ulitaja mistari. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Haolewi nawe tena mpaka aolewe na mwengine, aingiliwe, kisha aachike."

Nilirudi mjini juu ya lori, nimekalia magunia ya makaa yale yale.

Nilipomaliza eda, yule bwana aliyeniacha akaja kwa mama yangu na mtu aliyechaguliwa na mama yake. Alikuwa mgane, mshona viatu, ana makengeza, mtu asiyeweza kumshawishi hata kuku. Walishapatana kwa siri, maana shehe angewalaani: ataoa, atalala, asubuhi ataacha.

"Ni usiku mmoja tu," aliyekuwa mume wangu akaniambia. "Vumilia." Alisema kama mtu anayenipeleka kung'olewa jino.

Nikaolewa. Asubuhi yake, jua halijapanda, yule wa kwanza alikuwa keshakaa barazani kwa mshona viatu, akingoja. Nilimsikia akijiimbia peke yake, na sauti ile nilikuwa bado naipenda, iliniuma kweli kweli.

Mshona viatu akanitazama, au akatazama karibu yangu. "Watakaje, bibi? Nikuache?"

Hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza natakaje.

"Usiniache," nikamwambia.

Nikachemsha chai ya tangawizi, nikamwambia ampelekee mgeni. Yule bwana akainywa yote kwa furaha, akidhani talaka inakuja nyuma ya kikombe, akaomba cha pili. Nikamtilia.