Mlinzi wa Wajawazito na Hatua Thelathini Zilizomshinda

Saa nne asubuhi, Laston Kadzombe anafungua geti nusu na kumsogezea mgeni daftari. Kijana amekuja kwa baiskeli, amemletea mkewe kopo la togwa.

"Andika jina, shemeji, halafu uingie ukae. Usimpe kopo ukatimua mbio kama umeiba," anamwambia. Kijana anacheka, anaandika, anaingia.

Kadzombe, 41, analinda nyumba ya wajawazito katika kituo kimoja cha afya wilayani Ntchisi, Malawi. Wanawake wa vijiji vya mbali hukaa hapo wiki za mwisho wakisubiri uchungu. Leo wapo kumi na wanane, na mmoja wao, Elifa, ni mkewe.

Kutoka kiti chake hadi mlango wa Elifa ni hatua thelathini. Mama huyo ana siku kumi na moja hapo. Katika daftari la wageni, jina la Kadzombe halimo.

"Mimi niko kazini," anajitetea. "Si ananiona?"

Elifa anachambua mboga barazani. "Hata mbuzi wa jirani namwona," anasema.

Miaka tisa getini imemfundisha Kadzombe kuwasoma wanaume. Wapo wanaopiga simu kila saa kuuliza kama wamekumbukwa. Wapo wanaokabidhi mfuko na kugeuka. Nesi Tamandani Nyangulu, anayekutana na wanandoa kila Alhamisi, anasema wote wanaogopa kuachwa.

"Mmoja anang'ang'ania, mwingine anawahi kuondoka. Laston anawajua wote, kasoro yeye mwenyewe."

Mama yake Kadzombe alikwenda kufanya kazi Afrika Kusini yeye akiwa na miaka mitano. Mama wadogo wanne walimlea kwa zamu, akazoea kutomwomba mtu kitu. Mwanawe wa kwanza, Maliko, alipokuwa anazaliwa, Kadzombe alimsikia Elifa akilia, akaaga kwamba anakwenda kununua sukari. Alirudi kesho yake.

"Na sukari hakuleta," anasema Elifa.

Kwa watoto wawili waliofuata pia hakuwepo. Safari hii Elifa amemwambia mbele ya kaka yake: mtoto huyu akizaliwa baba yake hayumo chumbani, abebe mkeka wake arudi kwao. Si maneno ya hasira tu. Kadzombe anaishi ukweni, kama wanavyoishi wanaume wengi wa kabila lake la Wachewa. Nyumba ni ya Elifa na watoto ni wa ukoo wake.

Akiulizwa kama ataingia, Kadzombe anafunga daftari. "Nampenda sana," anasema. "Ila akilia, miguu inaondoka yenyewe."

Jumatatu aliomba ruhusa ya siku tatu, ya kwanza tangu aajiriwe. Elifa anatarajiwa kujifungua Jumamosi. Kadzombe anapanga kumwachia mlinzi mwenzake viatu vyake na baiskeli, asirudishiwe mpaka mtoto azaliwe.

Elifa ameusikia mpango huo na hasemi kama anauamini. Amemwomba tu nesi kwamba benchi atakalokalia mumewe katika chumba cha kujifungulia liwekwe upande wa ukutani, mbali na mlango.