Jell-O ya Ocie Blankenship

Ocie Blankenship ameishi nyumba ya pili kutoka kwangu kwa miaka hamsini na minne, na katika muda huo wote sijamwona akikosea jambo akakubali. Kanisa letu la Pigeon Fork hupenda kila mzee anayehama aandikiwe habari zake kwenye daftari la kanisa. Mchungaji alipouliza nani anamjua Ocie vizuri, wote walinigeukia mimi, Hettie. Shule niliiacha darasa la nne. Atakayeona herufi zimepinda avumilie, asome habari.

Ocie alizaliwa kule juu bondeni, wa tano kati ya watoto tisa wa mchimba makaa ya mawe, na ndiye pekee kwao aliyemaliza sekondari. Hilo hatukuachiwa nafasi ya kulisahau. Gazeti analisoma lote hadi matangazo ya vifo, kisha anakuja kibarazani kwangu kunisomea majina ya waliokufa, kama vile yeye ndiye aliyewapa ruhusa.

Aliolewa na Burl, mchimba makaa mpole mwenye masikio makubwa. Burl alipokwenda kuposa hakupeleka maua. Alipanda basi hadi mjini Huntington akarudi na nanasi zima, na maganda na majani yake, la kwanza kuonekana kwetu bondeni. Baba yake Ocie alilizunguka mara mbili akauliza kama linaliwa au linafugwa. Ocie alilimenya mwenyewe kwa kisu cha nyama, na kuanzia siku hiyo akaapa kwamba nanasi la kopo halitakanyaga jikoni kwake.

Na jiko lake lilikuwa na sheria. Mafuta ni Crisco. Kahawa ni Maxwell House. Sabuni ni Ivory, kwa sababu inaelea majini na huna haja ya kuitafuta kwa kupapasa. Doa lolote chini ya jua dawa yake ni Clorox, na mapazia yake aliyafua nayo hadi ukawa unamwona Burl kupitia kwayo akinywa supu. Siku moja Burl alirudi dukani na kahawa nyingine.

"Hii nini?" Ocie akauliza.

"Kahawa, mke wangu."

"Ya nani?"

Hata kofia Burl alikuwa hajaivua. Aligeuka akarudi dukani.

Vikopo vitupu Ocie hakuvitupa. Ukifungua kopo la Cool Whip kwenye friji yake ukitarajia krimu, utakuta maharage. La siagi lina vitunguu. Siagi yenyewe iko ndani ya Tupperware ya waridi ambayo kifuniko chake ni Ocie tu anayejua kukifungua. Mgeni akitaka kupaka mkate kwake hufungua vikopo vitano, naye Ocie amekaa tu anamtazama, anafurahia.

Sasa nifike kwenye Jell-O, ile jeli tamu ya kutikisika. Kila mlo wa kanisa kwetu lazima iwepo ile ya kijani, ya ndimu, yenye vipande vya nanasi. Kina mama wote huipika, na huganda. Unamwaga unga wa pakiti kwenye maji ya moto, unaongeza ya baridi, unatia nanasi, unaweka kwenye friji, unaondoka. Mtoto anaweza. Ya Ocie haikuganda hata mara moja. Aliiweka kwenye friji siku mbili. Alitia pakiti mbili badala ya moja. Alilaumu maji ya kisima, alilaumu mwezi, na mwaka mmoja alimlaumu Burl kwa kutembea kwa kishindo. Kisha aliileta kanisani vilevile, kichwa juu, ikicheza ndani ya bakuli kama kidimbwi.

Mwaka mmoja kabla Burl hajafariki, Ocie aliiweka mezani mbele yangu. Nikachukua kijiko, nikakirudisha, nikasema, "Dada Ocie, hii tunakula au tunakunywa?"

Kanisa zima lilicheka. Mchungaji wa wakati ule ilibidi atoke nje. Ocie alifunika bakuli lake kwa karatasi ya bati, pole pole, pembe kwa pembe.

Burl alipofariki, sote tulipika tukapeleka, kama kawaida ya msibani. Mimi nilipika kuku na tambi, nikazitia kwenye bakuli kubwa la njano la Pyrex. Lilikuwa la mama yangu. Yapo manne, njano, kijani, jekundu na bluu, yanaingiana kubwa kwa dogo, na aliyapata alipoolewa. Kwetu kila mama hubandika selotepu ya karatasi chini ya chombo chake na kuandika jina, ili kijue njia ya kurudi nyumbani. Mimi jina langu hunichukua muda, kwa hiyo huchora kuku. Bonde zima linajua kuku ni Hettie.

Baada ya wiki tatu vyombo vya watu vilirudi. Vya kina Lovell vilirudi na nyanya ndani, vya kina Stiltner na jemu, maana kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Langu halikurudi. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Kudai chombo chako kwa mjane ni kama kumwita mwizi, na mimi sikulelewa hivyo. Nilichofanya ni kusema mbele yake, labda mara moja kwa mwaka, "Nimekosa bakuli la kukandia unga."

"Pole," angesema Ocie. "Vyombo vina tabia ya kupotea."

Hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Yale matatu madogo yakabaki kwenye rafu yangu, bila mkubwa wa kuyabeba.

Mwaka huu nyonga ya Ocie ilikataa kupanda ngazi, na mwanawe Denzil akaja kutoka Columbus kumchukua akaishi naye. Wangeondoka Jumamosi. Alhamisi nilikwenda kusaidia kufunga mizigo, na nakiri hapa, ndani ya daftari la kanisa, kwamba nilikwenda kutafuta bakuli la mama yangu. Gari likishaondoka nalo, ndiyo basi tena. Nilifungua kila kabati nikijifanya nafunga vikombe kwa magazeti. Hakuna. Nikafungua friji nipate maziwa ya kahawa.

Lilikuwa pale, rafu ya kati, njano yake ileile, limejaa maji ya kijani na vipande vya nanasi vikiogelea.

"Ocie," nikasema. "Hili bakuli ni la nani?"

"Unajua ni la nani. Lina kuku chini."

"Miaka thelathini na mmoja."

"Kuhesabu najua, Hettie. Nimesoma kukuzidi."

"Sasa mbona hukulirudisha?"

"Nilirudishe tupu, mimi? Mama angefufuka."

"Si ungetia nyanya. Kina Lovell uliwatilia nyanya."

"Kina Lovell hawakuniuliza mbele ya kanisa kama wanakula au wanakunywa."

Ocie akavuta kiti akakaa. "Nilijiapia lisirudi kwako mpaka lina Jell-O iliyosimama. Nimejaribu kila Pasaka na kila Krismasi. Hiyo ya leo ndiyo ya mwisho, na unaiona ilivyo."

Denzil alikuwa mlangoni na masanduku mawili. "Shangazi Hettie, mimi nimekulia kwenye maji hayo," akasema. "Tulikuwa tunayanywa kwa mrija."

"Funga masanduku wewe," mama yake akamwambia.

Ikanibidi nitoe nilichokuwa nacho. Sababu ya Jell-O yake nilikuwa naijua tangu mwaka ule wa kicheko. Nilikaa nayo mdomoni kama peremende, nikiimung'unya kila mlo wa kanisa nikimwona anakuja na kidimbwi chake. Mtu aliyesoma sana hutupia macho tu kwenye pakiti. Mimi nasoma neno moja moja, sina namna ya kuruka. Nikachukua pakiti tupu kutoka kwenye ndoo ya taka, nikaigeuza ubavuni.

"Soma hapo," nikamwambia. "Maandishi madogo."

Alivaa miwani. Akasoma kwa sauti, ile sauti yake ya matangazo ya vifo, kwamba nanasi la kumenya lisitiwe, kwa sababu haitaganda. Akasoma tena.

"Hii imeandikwa lini?"

"Zamani."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Ukakaa kimya miaka yote hii, na unaimba kwaya."

"Na wewe ulikaa na bakuli la mama yangu, na unafundisha watoto amri kumi."

Denzil alikaa juu ya sanduku, nadhani akisubiri kuona nani atarusha kitu kwanza. Ocie alianza kucheka puani, kisha mabega, akacheka hadi nyonga ikamkumbusha. Alipofuta macho akaangalia lile nanasi lililobaki mezani.

"La kopo sijawahi kuliingiza nyumba hii," akasema. "Burl alinitafutia nanasi la kweli."

"Burl alileta nanasi akuoe, Ocie. Hakulileta uligandishe."

Ocie akamwambia Denzil aende dukani. Denzil alirudi na kopo la nanasi la Dole na pakiti ya Jell-O. Aliyelelewa na Ocie hawezi kukosea hapo.

Ijumaa asubuhi nilimwona Ocie anakuja barabarani na fimbo mkono mmoja, bakuli mkono mwingine, Denzil nyuma yake amenyoosha mikono yote miwili kama anayekimbiza kuku. Hakukubali kushikwa. Nilileta sahani kibarazani, tukachovya bakuli kwenye maji ya moto kidogo, akaligeuza. Ilitoka nzima, kijani, ikasimama.

Ocie aliisukuma kwa kidole. "Inatikisika."

"Inatakiwa kutikisika."

Akaonja. Akatafuna muda mrefu kuliko Jell-O inavyohitaji. "Ina ladha ya bati," akasema. "Yangu ilikuwa nzuri zaidi."

Denzil akarudi nyumbani kuileta ile ya Alhamisi, ambayo Ocie alikuwa ameihamishia kwenye kopo la Cool Whip. Tuliimimina kwenye glasi tatu tukainywa. Naandika hapa ukweli, maana ni daftari la kanisa: ilikuwa nzuri zaidi.

Bakuli nililiosha, nikabandika selotepu mpya, nikachora kuku mpya. Jumamosi kabla gari halijawashwa nilimwekea Ocie mapajani, limejaa kuku na tambi, limefungwa kwa taulo.

"Hettie," akasema, "ndiyo kwanza nimekurudishia."

"Basi utanirudishia tena."

Lipo Columbus sasa. Ocie anajua haliwezi kurudi tupu, na mimi nimemwambia Denzil haliwezi kutumwa kwa posta. Nimeshanunua nanasi kwa ajili ya Pasaka, la kumenya.